Unauza pete za oda? Pima nta kabla hujataja bei

Wajasiriamali wenzangu, leo ni somo la wale mnaouza pete za oda mtandaoni: za uchumba, za ndoa, za jiwe. Ukimtajia mteja bei kwa kuangalia picha tu unacheza kamari na hela yako. Bei ya kweli inajulikana kwenye nta.

Kwa asiyejua: pete inachorwa kwanza kwenye kompyuta, halafu mashine ya CNC inachonga umbo lake kwenye kipande cha nta ngumu. Biti ndogo inazunguka kwa kasi na kukwangua kidogo kidogo mpaka pete inabaki. Sonara anaizungushia plasta maalumu, anaichoma kwenye tanuru, nta inayeyuka na kuungua yote, kisha anamimina dhahabu au fedha kwenye uwazi uliobaki. Nta ikiwa nene, pete itakuwa nene, na dhahabu hiyo kuna mtu lazima ailipie.

Niko Vugiri, Korogwe, mashine sina, na wewe huihitaji. Namlipa mwenye nayo, anachonga, mzigo unakuja kwa basi hadi Korogwe mjini. Mwambie apakie kwenye kopo gumu lenye pamba. Joto la njiani haliyeyushi nta hii, ila ikidondoka inavunjika kama chaki.

Sasa hesabu. Tafuta mzani mdogo unaosoma hadi gramu 0.01. Uzito wa nta zidisha mara 10.4 kwa fedha ya 925, karibu 13 kwa dhahabu ya karati 14, karibu 15.5 kwa karati 18. Inakubali kwa sababu nta hii uzito wake unakaribia wa maji. Tuseme nta ina gramu 0.6: kwa fedha ni kama gramu 6.2, kwa karati 18 ni gramu 9.3. Umeona tofauti? Pete ile ile, picha ile ile!

Hapo bado kuna mrija wa kupitishia dhahabu, nao unakula gramu zake. Unakatwa baadaye, kwa hiyo kubalianeni mapema kipande hicho ni cha nani.

Hesabu hii inasaidia zaidi mteja akileta bangili ya bibi yake iyeyushwe iwe pete. Pima bangili, pima nta, mwambie kama itatosha au haitoshi BANGILI IKIWA BADO NZIMA. Ikishayeyushwa hairudi, na hapo unagombana na ukoo mzima.

Saizi: usikubali kuambiwa "saba" basi. Saba ya Marekani ni kipenyo cha ndani kama milimita 17.3, ila Uingereza wanatumia herufi. Omba milimita. Metali ikipoa inasinyaa kidogo, kwa hiyo muulize sonara nani anaongeza hiyo nafasi, yeye au mchoraji. Wakiongeza wote wawili pete inapwaya.

Kwa pete ya jiwe, jiwe litangulie. Safaya na ganeti za Bonde la Umba, huku huku mkoani Tanga, nyingi zinakatwa kwa mkono, kila moja na kipimo chake. Pima urefu, upana na kimo, ndipo kiti chake kichorwe. (Na mawe ghafi usianze kuyanunua na kuuza bila leseni ya madini, hilo ni jambo jingine kabisa.)

Nta ikifika, ipige picha ikiwa kidoleni, pande zote, mtumie mteja. Akitaka ipunguzwe unene, fundi anaikwangua kwa tupa dakika chache, unapima tena na bei inashuka. Akiandika "sawa", chukua advansi inayotosha kununua dhahabu yote, ndipo nta iende kwa sonara.