Chuma Kimoja, Watu Kumi

Leo tuzungumzie jambo ambalo huenda halijakupata bado, lakini ukifika chuo litakupata.

Tuseme wewe ni kijana wa Saadani, au wa Bagamoyo mjini. Umemaliza kidato cha sita, umepita JKT, jina limetoka, umekwenda chuo kikuu. Nyumbani ulizoea ufukwe mrefu usio na ukuta wala kufuli. Chuoni unaambiwa mazoezi ni kule, kwenye chumba kile chenye dirisha dogo. Unafika saa 11 jioni na raba zako mpya. Mlangoni kuna watu wamesimama. Ndani jasho linanuka, benchi nne, na kila benchi ina foleni kama ya bombani. Unasubiri nusu saa, unanyanyua mara mbili, mtu anakugusa bega: "Oya, bado tu?"

Unarudi bwenini umekasirika. Kesho hujaenda. Wiki ya tatu raba zimeshageuka za kuvaa darasani.

Malalamiko ya namna hii yapo kwenye vyuo vingi duniani, hata vya Marekani na Uingereza ambako jimu ni kubwa kuliko bwalo lenu. Kwetu yana historia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Wanafunzi wakaongezeka mwaka hadi mwaka, vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, na ndipo likazaliwa neno la chuoni ambalo kaka na dada zako wanalijua vizuri: kubebana. Yaani kitanda ni cha mtu mmoja, mnalala wawili. Aprili 2017 yalifunguliwa pale mabweni mapya, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Sasa jiulize: kama kitanda chenyewe kiligombewa hivyo, nani angekumbuka benchi la kunyanyulia vyuma?

Usidhani sekondari mmesalimika. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, madarasa yamejaa, jambo ambalo ni la heri kabisa. Lakini uwanja wa shule ni uleule na mpira ni uleule mmoja. Wanaocheza ni 22. Waliobaki wanashangilia, na kushangilia si mazoezi, ingawa koo linachoka.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuutumia mwili mpaka moyo uende mbio na pumzi zibadilike. Na angalau siku 3 kwa wiki afanye kazi za kuimarisha misuli na mifupa. Umeona hapo? Misuli ni siku 3, si 7. Msuli haukui wakati unanyanyua. Unakua baadaye, ukiwa umepumzika na umekula. Anayekwenda jimu kila siku kufanyia kazi kifua kilekile anajichosha bure, na zaidi ya hapo anamzibia mwenzake nafasi.

Hesabu ya benchi

Chukua daftari na kalamu, tufanye hesabu. Usiogope, ni ya darasa la nne.

Jimu ina benchi 4. Inafunguliwa saa 10 jioni, inafungwa saa 1 usiku. Hizo ni saa 3, sawa na dakika 180. Mara benchi 4, tunapata dakika 720. Mtu mmoja ananyanyua mikupuo mitano: dakika 1 ya kunyanyua, dakika 2 za kupumzika. Jumla dakika 15. Gawanya 720 kwa 15, unapata 48. Kwa hiyo jimu hiyo inahudumia watu 48 kwa jioni moja. Wakija 100, watu 52 watarudi bwenini wamenuna.

Sasa tazama tena zile dakika 15. Je, benchi lilifanya kazi dakika ngapi? Tano tu! Dakika 10 lilikuwa limekaliwa na mtu anayepumua na kujifuta jasho. Ndiyo maana wanaosubiri wanakasirika. Wanamwona jamaa amekaa tu, na kweli amekaa tu.

Dawa yake ni kupokezana watatu watatu. Wewe ukinyanyua, mimi na mwenzetu tunapumzika. Ukiinuka, nalala mimi. Nikiinuka, analala yule. Mpaka zamu yako irudi, zile dakika 2 zako zimepita. Katika dakika 15 zilezile watu watatu wamemaliza mikupuo yao mitano mitano. Jimu ya watu 48 imekuwa ya watu 144, na hakuna aliyenunua hata msumari. Kwenye maisha halisi hamtafika 144, kwa sababu kuna kubadilisha vyuma: anayenyanyua kilo 60 na anayenyanyua 25 wakikaa benchi moja watapoteza muda. Basi tafuta wenzako wa nguvu zako. Mkifika 100 si haba, na wale 52 mmewapata wote.

Kupokezana kuna faida nyingine, na hii nataka uisome polepole.

Nilisoma chuo ambacho sitakitaja. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa stoo zamani. Kulikuwa na kijana wa mwaka wa pili, miraba minne hasa, ambaye siku ile aliona watu wengi wanangoja, akaharakisha. Aliongeza uzito kabla mwili haujapata moto. Aliyekuwa anamsimamia kichwani aliitwa upande wa pili kushika chuma cha mtu mwingine, maana kila mtu alitaka amalize haraka. Chuma kikashuka, mikono ikagoma. Wote tulisikia mlio. Tulikuwa zaidi ya thelathini mle ndani na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama pale alipotakiwa kusimama. Kilivunja mfupa wa bega, ule wa mbele chini ya shingo. Kingeangukia sentimita chache juu zaidi, kingekaa kooni. Alikosa mitihani ya muhula ule.

Tulikuwa tumelalamika miezi. Tulibandika karatasi ukutani, tuliandika kwa hasira, wengine kwa matusi. Hakuna aliyejibu. Baada ya ajali, dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuja na daftari. Alikaa mlangoni siku 5 mfululizo, akaandika: saa ngapi, wameingia wangapi, wamegeuzwa wangapi, wanawake wangapi. Karatasi ile ikapelekwa kwa mshauri wa wanafunzi kupitia serikali ya wanafunzi. Ikaonekana kwamba asubuhi chumba kinakaa kimefungwa kwa sababu ufunguo ni mmoja na mwenye ufunguo anafika saa 4. Ukachongwa ufunguo wa pili! Wiki mbili baadaye tulikuwa tunaingia saa 12 asubuhi. Hawakutuletea benchi jipya hata moja, sitaki nikudanganye.

Hewa, jasho na maneno ya mtaani

Chumba kilichojaa watu wanaohema ni chumba kinachohitaji hewa. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, mtu mwenye ugonjwa akikohoa au kupiga chafya. Hakikai kwenye chuma wala kwenye kikombe. Kwa hiyo fungueni madirisha yote, hata kama vumbi linaingia. Na ukikohoa wiki 2 au zaidi, acha jimu, nenda kituo cha afya upimwe. Matibabu ya kifua kikuu Tanzania hayalipiwi, na kinapona.

Ngozi ni habari nyingine. Fangasi na majipu hupenda joto, jasho na taulo la kuazimana. Njoo na kitambaa chako, kipande cha kanga kinatosha, ukitandike kwenye benchi kabla hujalala. Ukimaliza, oga na ubadili nguo. Na kwa wale wanaouliza kila mara: hapana, UKIMWI hauambukizwi kwa jasho.

Foleni ikiwa ndefu ndipo anapotokea jamaa mwenye mkoba. Anakuambia ana vidonge, au sindano, vya kukupa kifua kwa wiki tatu, kwa nini uteseke kwenye msongamano? Vitu hivyo mara nyingi ni homoni za kiume za kutengeneza. Mvulana akizitumia hovyo, korodani husinyaa, matiti yanaweza kuota, ini na moyo vinaumia. Akiwa bado anakua, anaweza kubaki mfupi. Msichana sauti hukwaruza na kuwa nzito, na huenda isirudi tena. Watu husema vyuma vinamfupisha kijana. Si kweli, ukinyanyua uzito mdogo kwa mtindo sahihi na mtu mzima anayejua akiwepo. Vidonge ndivyo vinavyoweza kukufupisha.

Wasichana, nanyi nimewakumbuka. Kwenye daftari la yule dada safu ya wanawake ilikuwa na tarakimu ndogo sana, na siku mbili ilikuwa na sifuri. Walipoulizwa, hawakusema hawapendi mazoezi. Walisema wanatazamwa, wanaguswa kiuno kwa kisingizio cha "kusaidiwa", na wakisubiri zamu wanarukwa. Kumgusa mtu asiyetaka si utani wa jimu, ni udhalilishaji, na unaripotiwa. Saa maalumu za wanawake, hata mara 3 kwa wiki, zilibadili mambo pale. Na usiogope kwamba utaota misuli kama baunsa. Mwili wa msichana una homoni ya kiume kidogo tu, hivyo utapata nguvu bila umbo la kutisha. Wakati wa hedhi pia unaweza kufanya mazoezi, wengine hata maumivu hupungua.

Jimu isiyo na mlango

Sasa turudi pwani. Ukipita ufukweni Bagamoyo, utakuta vijana wanacheza mpira na wengine wanapindua sarakasi mchangani. Mji huu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, na sarakasi imezoeleka. Mchanga mlaini unaudai mguu kazi kubwa kuliko lami, na ukianguka hauumii sana. Lakini ufukwe nao una foleni yake, na ratiba yake inapangwa na mwezi.

Waulize wavuvi watakueleza. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, saa ileile mnayotoka shule na mipira yenu. Uwanja umemezwa! Siku hizo fanyeni mazoezi Jumamosi asubuhi kwenye saa 3 au 4, wakati bahari imekwenda mbali na mchanga umekuwa mgumu kama sakafu. Kila siku inayofuata maji huchelewa karibu dakika 50, kwa hiyo ukiijua ya leo unaweza kupanga wiki nzima. Vaa kofia, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Joto la pwani lina unyevu, jasho halikauki upesi, na mtu huzimia akiwa amelowa chapachapa.

Vyuma navyo si lazima viwe vya dukani. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na wasichana wengi wanaosoma ukurasa huu wameshainyanyua leo asubuhi kabla ya kuja shule. Wengine hujaza zege kwenye makopo mawili na kuyaunganisha kwa bomba. Ni sawa, ila pima uzito wa kila upande, maana upande mmoja ukizidi, mgongo ndio unaolipa. Pushapu, kuchuchumaa na kusimama, kuruka kamba na rede havihitaji foleni ya mtu.

Na wewe wa Saadani kwenyewe, usiige wa Bagamoyo kukimbia ufukweni peke yako alfajiri. Kijiji chenu kimepakana na hifadhi ya taifa tangu 2005, na tembo hawajasoma ratiba yako. Ngoja jua litoke, muwe kundi, na mkae mbali na mdomo wa mto Wami, wenye viboko na mamba.

Zoezi la wiki hii: chukua daftari, kaa pembeni ya uwanja wa shule yako siku 5. Andika saa, waliocheza wangapi, waliotazama wangapi, wasichana wangapi, mipira mingapi. Kisha mpelekee mwalimu wa michezo, mkiwa pamoja na kaka mkuu na dada mkuu. Kama safu ya wasichana ina sifuri, usiandike kwamba hawapendi. Waulize kwanza, halafu uandike walivyosema.