Kidonge ni cha kila siku. Ukishindwa, uliza kitanzi

Kijitabu cha afya kwa nyumba za Lubumbashi

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mama anayemeza vidonge vya kupanga uzazi, cha bwana wake, cha shangazi anayempa shauri, na cha binti mkubwa wa nyumba anayejua kusoma. Kisomeni kwa sauti. Mkimaliza, mpeni jirani.

Kimeandikwa kwa sababu tunachoka kupokea kesi ileile. Ba mama wanatoka mitaa ya Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, Kamalondo na Annexe, na wote wanasema vidonge viliwadanganya. Tukiomba kuona karatasi ya vidonge, nusu bado imejaa.

Shika hili kwanza

Kidonge ni cha kila siku, bwana awepo au asiwepo.

Tabia inayoleta mimba nyingi

Maisha ya hapa tunayajua. Bwana ni mfanyakazi wa mgodi Kolwezi au Fungurume, anarudi siku zake za mapumziko tu. Mwingine ni dereva wa lori, analala Kasumbalesa juma zima akisubiri kuvuka. Mama aliyebaki nyumbani anajiuliza: dawa nimeze kwa ajili ya nani? Anaacha. Bwana akipiga simu kwamba yuko njiani, anameza vitatu kwa mara moja na kutulia moyo.

Mama, usitulie. Kidonge si inite za simu, ununue siku unayotaka kuongea. Kidonge cha leo kinategemea cha jana na cha juzi. Vitatu vya leo havilipi vile ulivyoacha juma lililopita. Vitakupa kichefuchefu, na mimba inaweza kuingia.

Tabia hii ina sura nyingi. Jitazame kama yako imo:

- Kumeza siku bwana yupo tu.
- Kumeza baada ya kulala na bwana tu.
- Kugawana karatasi moja na dada au jirani.
- Kuacha mwezi mmoja "ili mwili upumzike". Mwili hauhitaji mapumziko hayo. Mimba ndiyo inayoyangoja.
- Kukaa siku nne au tano kati ya karatasi iliyoisha na mpya kwa sababu franka hazijapatikana.
- Kununua kwa muuzaji wa kutembeza kipande cha karatasi kilichokatwa kwa makasi, hakina jina wala tarehe ya kuisha.

Ukifanya moja tu kati ya haya, hesabu kwamba hujakingwa.

Katika wanawake 100 wanaotumia vidonge jinsi watu wengi wanavyovitumia, karibu 7 wanapata mimba katika mwaka wa kwanza. Wanaovimeza bila kuruka hata siku moja, mimba ni chini ya 1 kwa 100. Dawa ni ileile. Kinachotofautiana ni kumeza kila siku.

Kwa hiyo tunarudia: kidonge ni cha kila siku, bwana awepo au asiwepo. Kama maisha yako hayakuruhusu kumeza kila siku, usione haya. Uliza kitanzi.

Umekwisha kuruka vidonge? Fanya hivi

- Umeruka 1 au 2: meza kimoja mara unapokumbuka. Kinachofuata ukimeze saa yake ya kawaida, hata kama vitakuwa viwili siku hiyo. Endelea.
- Umeruka 3 au zaidi: meza kimoja mara moja, kisha endelea kila siku. Kwa siku 7 tumia kondomu, au usilale na bwana. Peleka karatasi yako kituo cha afya wakuoneshe pa kuendelea.
- Ulilala na bwana bila kinga katika siku 5 zilizopita: nenda kituo cha afya leo, usingoje kesho. Kuna kidonge cha dharura. Kitanzi cha shaba nacho kikiwekwa ndani ya siku 5 hizo kinazuia mimba.
- Umetapika kabla ya saa 2 kupita tangu umeze: meza kingine.
- Umeharisha sana au kutapika zaidi ya siku 2: hesabu siku hizo kama za kuruka.
- Unanyonyesha na ulipewa vidonge vya mama anayenyonyesha: saa yake ni kali zaidi. Ukichelewa kwa zaidi ya saa 3, hesabu umeruka.

Usinywe maji ya chumvi. Usimeze kwinini nyingi, wala dawa za minyoo, wala antibiotiki ili "kusafisha tumbo". Hazizuii mimba. Kwinini nyingi inaharibu masikio, macho na moyo.

Kitanzi ni nini

Ni kidude kidogo cha plastiki chenye umbo la T, urefu wake karibu sentimita 3 na nusu, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kinakaa ndani ya mji wa mimba. Kwenye kituo cha afya watakiita sterile, na kwenye kadi wataandika DIU.

Kinaanza kazi siku ileile kinapowekwa. Kinaweza kukaa hadi miaka 12. Ukitaka mtoto kabla ya hapo, muuguzi anakitoa kwa dakika chache, na mimba inaweza kuingia mwezi uleule. Katika wanawake 100 wenye kitanzi, wanaopata mimba mwaka wa kwanza hawafiki hata mmoja.

Bwana akirudi kwa ghafula usiku, kitanzi kipo. Karatasi ikiisha sokoni, kitanzi kipo. Ukilazwa kwa malaria na kusahau dunia, kitanzi kipo.

Kuna pia kitanzi chenye homoni, ambacho kinapunguza damu ya mwezi. Hakipatikani kila mahali, uliza. Katika kijitabu hiki tunaongea juu ya kile cha shaba.

Nani aachane na vidonge vya kawaida na kuuliza njia nyingine

Kabla ya karatasi ya kwanza, mama lazima apimwe tensio. Muuzaji wa barabarani hana kipimo. Vidonge vya kawaida vinaweza kumletea hatari:

- Mwenye tensio ya 14 kwa 9 au zaidi.
- Mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara.
- Anayenyonyesha mtoto ambaye hajafika miezi 6.
- Anayeumwa kichwa cha upande mmoja huku akiona mwanga unaomulika machoni.
- Aliyewahi kupooza upande mmoja, kuugua moyo, au kupata damu iliyoganda mguuni.
- Mwenye saratani ya titi, au ugonjwa mkali wa ini.

Na mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini asikilize: dawa hiyo inapunguza nguvu ya vidonge, hata ukimeza kila siku. Baadhi ya dawa za kifafa ni hivyohivyo. Mwambie muuguzi dawa zote unazotumia.

Kitanzi cha shaba hakina homoni. Mwenye tensio anaweza kukitumia, anayenyonyesha pia, na anayetibiwa kifua kikuu cha mapafu pia.

Nani asiwekewe kitanzi kwa sasa

- Mwenye mimba, au anayeshuku mimba.
- Anayetokwa damu katikati ya mwezi na sababu haijajulikana.
- Mwenye kisonono, au uchafu unaonuka pamoja na maumivu chini ya tumbo. Atibiwe kwanza.
- Aliyepata maambukizo baada ya kuzaa au baada ya mimba kutoka.
- Mwenye saratani ya shingo ya mji wa mimba anayengoja matibabu.
- Mwenye kifua kikuu cha sehemu za uzazi.

Mwenye damu kidogo sana mwilini aongee kwanza na muuguzi, kwa sababu kitanzi cha shaba kinaongeza damu ya mwezi.

Mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake na mwenye nguvu, anaweza. Msichana ambaye hajazaa, anaweza.

Siku ya kuwekewa

Siku yoyote inafaa, ikiwa ni hakika kwamba huna mimba. Kama umezaa, kinaweza kuwekwa ndani ya siku 2 za kwanza kabla ya kutoka materinite, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Siku 2 zikipita, ngoja majuma 4 yaishe.

Hukatwi. Hulazwi. Unalala chali, muuguzi anakupima na kukiweka, na mara nyingi haipiti robo saa. Utasikia tumbo kukaza kama siku za mwezi. Unapumzika kidogo, unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Kiwekwe na muuguzi, mkunga au munganga aliyefundishwa, kwa vyombo vilivyochemshwa au kusafishwa kwa mashine. Asikuwekee mtu wa nyumbani, hata akiwa na koti jeupe.

Usiache vidonge kabla ya kitanzi kuwekwa.

Miezi ya kwanza

Tunakuambia ukweli, usije ukakitoa kwa kushtuka. Damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi zaidi na kukaa siku nyingi zaidi, na tumbo kuuma zaidi, kwa miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Kwa wengi inapungua. Ibuprofeni inasaidia, uliza kipimo chake. Kula sombe, maharagwe, dagaa na nyama ukipata.

Rudi kuangaliwa kati ya juma la 3 na la 6. Kitanzi kikitoka chenyewe, mara nyingi kinatoka miezi ya kwanza, tena mwenyewe anaweza asijue. Ukitaka, nawa mikono baada ya siku za mwezi na uguse nyuzi zake. Kugusa tu, usivute. Bwana akilalamika kwamba nyuzi zinamchoma, muuguzi atazifupisha.

Rudi mbio, hata ikiwa usiku

- Homa na baridi pamoja na maumivu chini ya tumbo, hasa katika majuma 3 ya kwanza. Usijitibu kwanza malaria nyumbani.
- Uchafu unaonuka.
- Damu inayolowanisha pedi au kitambaa kila saa.
- Mwezi umekosa kuja. Mimba yenye kitanzi ni adimu, lakini inaweza kukaa nje ya mji wa mimba, na hiyo inaua.
- Maumivu makali ya upande mmoja, au kuzimia.
- Nyuzi hazionekani, au unagusa plastiki ngumu.

Na mama anayemeza vidonge arudi mbio akisikia maumivu makali ya kifua, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au macho kufifia kwa ghafula.

Kitanzi na UKIMWI

Kitanzi hakizuii UKIMWI wala kisonono. Kondomu ndiyo inayozuia.

Maneno ya mtaani

"Kinapanda hadi moyoni." Hapana, hakuna njia ya kupandia.

"Shaba inaota kutu tumboni." Hapana.

"Kinaua uzazi." Hapana. Kinachoharibu uzazi ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, na utoaji wa mimba wa kujificha.

"Kinatoa mimba." Hapana, kinazuia isiingie.

Mimba imekwisha kuingia

Usitie kijiti. Usinywe majani usiyoyajua. Usiende kwa mtu wa chumba cha nyuma. Tumewaona ba mama wa watoto wanne, watano, wakifa kwa damu na kwa uchafu ulioingia tumboni, na vifo hivyo vyote tungeweza kuvizuia mapema kwa jambo dogo. Kama umekwisha kufanya jambo na damu inatoka, au homa imepanda, nenda hospitali saa hiyohiyo. Sema ukweli, munganga apate kukutibu. Aliyekupeleka asikugombeze njiani.

Kwa baba

Baba unayefanya kazi mbali, usimuulize bibi yako, "Unameza dawa kwa nani na mimi sipo?" Swali hilo ndilo linalomfanya aache. Anayemeza kila siku akiwa peke yake analinda nyumba yako. Unapotuma franka za bukari, tuma na za karatasi inayofuata kabla ile haijaisha. Au mwende pamoja siku zako za mapumziko mkaulize kitanzi.

Sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018 inataka watu waliooana kisheria wakubaliane juu ya njia ya kupanga uzazi. Wasipokubaliana, mapenzi ya yule atakayeitumia mwilini mwake ndiyo yanayotangulia.

Pa kwenda

Anzia kituo cha afya cha mtaa wako, au mwulize reko wenu, yule mhudumu wa afya wa mtaani. Kama hapo hakuna aliyefundishwa kuweka kitanzi, omba barua ya kwenda hospitali kubwa ya zoni yako ya afya, au Hospitali ya Sendwe. Uliza bei kabla ya kulala kitandani. Siku za kampeni mara nyingine hulipi.

Fanya haya juma hili

1. Toa karatasi yako ya vidonge na uhesabu ulivyoruka mwezi huu.
2. Umeruka 3 au zaidi: anza kondomu leo.
3. Nenda kituo cha afya na karatasi hiyo mkononi. Omba kupimwa tensio. Sema wazi: "Kila siku nimeshindwa. Nataka kuelezwa kitanzi."
4. Andika tarehe ya kurudi ukutani, mahali bwana naye anaiona.
5. Usiku wa leo, kabla ya kulala, meza kidonge cha leo.