Tableti katika Kundi la Roboti

Roboti ni mashine inayofanya kazi kwa kufuata amri zilizowekwa ndani yake. Watu wengine wanafikiri kwamba roboti lazima iwe na kichwa na mikono kama mtu. Sivyo. Kweli, ziko zinazofanana na mtu. Mwaka 2013 roboti kubwa za aluminiumu ziliwekwa katika njia panda za Kinshasa ili kuongoza motokari. Aliyezibuni ni mama mmoja fundi, Thérèse Izay Kirongozi. Lakini roboti nyingi hazina sura ya mtu. Nyingine ni mkono mmoja tu unaochomelea vyuma katika kiwanda. Nyingine ni kama sanduku lenye magurudumu. Roboti za somo hili ni za namna hiyo ya mwisho, na wanaozitengeneza ni wanafunzi.

Katika nchi ya Marekani yuko mvumbuzi, jina lake Dean Kamen. Alitamani vijana washangilie kazi ya fundi kama wanavyoshangilia mchezo wa mpira. Kwa hiyo mwaka 1989 alianzisha shirika linaloitwa FIRST. Mwaka 1992 mashindano ya kwanza yalifanyika katika ukumbi wa shule moja ya mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire. Makundi yaliyofika yalikuwa 28 tu. Siku hizi makundi yanayoshiriki mashindano hayo makubwa yanazidi 3,000, nayo yanatoka nchi nyingi.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila mwaka, katika mwezi wa kwanza, shirika linatangaza mchezo mpya. Mwaka mmoja roboti zinatupa mipira ndani ya tundu. Mwaka mwingine zinapanga vitu juu ya nguzo. Wanafunzi wanachora, wanakata chuma, wanafunga waya, wanaandika amri. Roboti moja inaweza kufika uzito wa kilo 50, pasipo kuhesabu batri yake. Siku ya mashindano roboti sita zinaingia uwanjani pamoja: tatu za upande mwekundu na tatu za upande wa buluu. Uwanja una urefu wa meta 16 hivi na upana wa meta 8. Kwa miaka mingi mchezo mmoja ulichukua dakika mbili na nusu. Ni muda mfupi sana kwa kazi ya miezi.

Basi, kundi la wanafunzi lina feza kidogo, na mmoja anasema: «Tununue tableti.» Tableti ni ordinatere (wengine wanasema kompyuta) iliyo nyembamba kama kitabu. Haina vifungo vya kuandikia. Mtu anagusa kioo chake kwa kidole. Watu wengi walianza kuzijua mwaka 2010, wakati kampuni ya Apple ilipoanza kuuza iPad. Mwingine katika kundi anajibu: «Hapana, tununue mota nyingine.» Nani ana haki?

Kwanza yafaa kujua kazi moja ambayo watazamaji wengi hawaioni. Siku ya mashindano, wanafunzi wachache tu wanaendesha roboti. Wengine wanakaa katika viti vya juu na kutazama roboti za makundi mengine. Si kwa kujifurahisha. Wanaandika. Watoto sita wanakaa mstari mmoja, na kila mmoja anatazama roboti moja tu, tangu mwanzo wa mchezo hata mwisho. Anaandika roboti yake imetia mipira mingapi, imekosa mingapi, imesimama kwa kuharibika au hapana, imeanguka au hapana.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu katika michezo ya kwanza kila kundi linapangiwa wenzake na wasimamizi, bila kuchagua. Lakini michezo hiyo ikiisha, makundi manane yaliyo juu yanachagua wenzao wenyewe kwa ajili ya michezo ya mwisho. Kapiteni anasimama katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, na kutaja jina la kundi analolitaka. Akichagua vibaya hawezi kubadilisha. Na kundi lililoitwa likikataa, haliwezi tena kuchaguliwa na mwingine. Ushindi wa mwaka mzima unaweza kupotea kwa neno moja.

Tena ubao wa matokeo unaweza kudanganya. Mtoto hodari wa mpira akicheza na wenzake zaifu, timu yake inashindwa, naye anaonekana kama si kitu. Ndivyo ilivyo kwa roboti. Roboti iliyo ya 22 katika orodha pengine haikuharibika hata mara moja, na kila mchezo ilitia mipira mingi. Lakini ilipangiwa wenzake wabovu. Roboti iliyo ya 6 pengine ilibebwa na wengine. Kapiteni anayesoma orodha tu hataona tofauti hiyo. Kapiteni mwenye hesabu za watoto sita ataiona.

Sasa tuseme makundi 40 yamefika, na kila kundi linacheza mara 12. Arobaini mara kumi na mbili ni 480. Ndiyo kusema, watoto wale sita watajaza karatasi 480, na michezo itakuwa 80. Karatasi hizo zikiisha kujazwa, nani atazijumlisha? Mtu mmoja anakaa na ordinatere na kuandika upya namba zote, moja moja. Jioni macho yake yamechoka, 1 inafanana na 7, karatasi mbili zimeshikamana, moja imeanguka chini ya viti. Na baada ya mchezo wa mwisho hakuna muda mrefu mpaka kapiteni aitwe uwanjani.

Hapa tableti inasaidia kweli. Kila mtoto anashika tableti moja. Kioo chake kina vifungo vikubwa vilivyochorwa: «Ametia», «Amekosa», «Ameharibika». Anagusa, na namba inaongezeka yenyewe. Mchezo ukiisha, hakuna wa kuandika mara ya pili. Ndani ya dakika chache kapiteni anaweza kuuliza: roboti gani tatu zilitia mipira mingi? na kupata jibu.

Lakini iko taabu moja. Roboti na ordinatere ya waendeshaji zinasemezana kwa mawimbi yasiyo na waya, yaani Wi-Fi. Kama kila kundi lingefungua Wi-Fi yake katika ukumbi, mawimbi yangegongana, kama watu mia wanaosema pamoja katika nyumba moja, na roboti zingesimama uwanjani. Kwa hiyo kanuni za mashindano zinakataza makundi kufungua Wi-Fi yao. Basi namba zitatokaje katika tableti sita hata kufika ordinatere moja?

Wanafunzi wamepata njia nzuri. Tableti inageuza namba kuwa mraba wenye vialama vyeusi na vyeupe, unaoitwa alama ya QR. Alama hiyo ilivumbuliwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, ili kutambua vyombo vya motokari katika kiwanda. Mtoto anaonyesha kioo cha tableti yake kwa kamera ya ordinatere. Kamera inasoma mraba, na namba zote zinaingia. Hakuna waya wala mawimbi, na kanuni haikuvunjwa. Makundi mengine yanatumia waya tu, nayo inafaa vilevile.

Tableti haiondoi makosa yote, na wanaofikiri hivyo watajuta. Mtoto aliyechoka anagusa mara mbili mahali pa mara moja. Mwingine anatazama kioo kuliko uwanja. Mipira mitatu inapita, naye hakuiona. Karatasi na tableti ni sawa hapa: zote zinaandika kile jicho lilichoona, na jicho lisipoona zinaandika uwongo. Tena uwongo wa tableti unaonekana safi sana, umepangwa katika jedwali, na watu wanausadiki upesi. Makundi yenye akili yanajua dawa ya jambo hili. Wanajumlisha namba za roboti tatu za upande mmoja, kisha wanazilinganisha na matokeo ya wasimamizi. Kama watoto wameandika 60 na ubao unasema 85, mtu mmoja hakutazama. Siku ya pili anapewa mwenzake wa kukaa pamoja naye, au anapumzishwa. Watoto sita kwa michezo 80 ni kazi nzito, na makundi makubwa yana watoto 12, wanaopokezana.

Batri pia ni jambo. Tableti sita zinataka kuwekwa umeme kila usiku, na mara nyingi moja inasahauliwa. Kwa hiyo makundi mengi hayatupi karatasi zao. Wanaziweka katika mfuko pamoja na kalamu za risasi, kwa maana kalamu haizimiki katikati ya mchezo. Na kwa habari ya batri: ndani ya batri za tableti mara nyingi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi ya Kongo, hasa pande za Kolwezi. Mtoto wa Marekani anayegusa kioo anashika mkononi jiwe la Katanga, ingawa hajui.

Je, tableti inaweza kuendesha roboti yenyewe? Katika mashindano makubwa, si rahisi. Katika michezo ya mwaka 2025 programu ya kuendesha ilitaka ordinatere ya Windows. Tableti nyingi hazina Windows, wala hazina matundu ya kutosha kwa waya wa uwanja na kwa fimbo ndogo za kuongozea. Anayenunua tableti kwa kazi hiyo ametupa feza.

Kwa roboti ndogo mambo ni mengine. Shirika hilo hilo lina mashindano ya roboti zinazopaswa kuingia katika sanduku la sentimeta 45 hivi kila upande. Tangu mwaka wa masomo 2015–2016 roboti hizo ziliongozwa kwa telefone mbili: moja imefungwa juu ya roboti, moja iko mikononi mwa waendeshaji. Baadaye telefone zile zilipata badala yake vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na chombo cha waendeshaji ni kama tableti ndogo yenye kushikwa kwa mikono miwili. Na watoto wadogo wenye roboti za LEGO SPIKE Prime, zilizotoka mwaka 2020, wanaweza kuzipangia amri kwa tableti: wanavuta vipande vya rangi kwa kidole na kuviunganisha, na roboti inatembea. Kwao tableti ni chombo cha kufaa kabisa. Lakini wakubwa wanaoandika amri kwa lugha za Java au C++ wanaandika mistari mamia, na kazi hiyo juu ya kioo ni mateso. Wanataka ordinatere yenye vifungo.

Katika karakana tableti moja inaleta faida. Siku hizi michoro ya roboti inafanywa katika ordinatere, na programu kama Onshape inaweza kufunguliwa hata katika tableti. Fundi mwanafunzi aliye karibu na mashine ya kutoboa anatazama mchoro, anaugeuza kwa kidole, anaona tundu liko mahali gani. Zamani alikimbia chumba cha pili kuuliza, akarudi amesahau kipimo. Haizuru kama mikono ina mafuta kidogo, lakini vumbi la chuma linakwaruza kioo. Mfuko wa plastiki safi unaofunika tableti unatosha. Tableti hiyo hiyo, siku ya mashindano, inapiga picha za roboti za wengine: magurudumu yao, mikono yao, namna walivyofunga batri. Usiku kapiteni anaziangalia tena, maana roboti 40 hazikai katika kichwa cha mtu.

Inabaki habari ya feza. Kundi linaloanza, lenye ordinatere moja na vyombo vichache, halina haja ya tableti sita. Lijifunze kwanza kutazama na kuandika kwa karatasi. Watoto wanaojua kutazama watapokea tableti baadaye bila taabu, lakini tableti haitafundisha mtu kutazama. Roboti yenye mota mbovu haipati ushindi kwa jedwali zuri. Kundi ambalo roboti yake inatembea vema, na ambalo mwaka uliopita lilichagua wenzake kwa kukisia, hilo ndilo linalohitaji tableti, nazo ziwe za bei ndogo, zote za namna moja, zisizo na michezo ndani. Na yule aliyetaka mota? Katika mwaka wa kwanza haki ni yake. Mwaka wa tatu, pengine, ni ya mwenzake.

Maulizo
1. Kwa nini watoto sita wanakaa mstari mmoja wakati wa mchezo?
2. Roboti iliyo chini katika orodha inaweza kuwa nzuri namna gani?
3. Kwa nini makundi yanakatazwa kufungua Wi-Fi yao?
4. Makundi 30 yamefika, na kila kundi linacheza mara 10. Watajaza karatasi ngapi? Michezo itakuwa mingapi?