Kamba za mistroberi: usizikate zote

Swali: Mistroberi yangu hapa Makomeno, Lubumbashi, imetoa kamba ndefu zinazotambaa kila upande. Nizikate?

Jibu: Mama, usizikate zote, hizo ndizo mbegu zako. Chagua shina lenye afya, lisilo na madoa majanini, uliachie kamba 3 au 4. Kwenye kila kamba, mche ulio karibu zaidi na shina ndio wenye nguvu. Ncha inayoupita, ikate. Mche huo ukalishe kwenye kikopo cha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, uubane kwa waya uliokunjwa kama pini ya nywele. Pale katikati majani yanapochipukia pasifukiwe hata kidogo, pataoza. Baada ya wiki 4 hadi 6 vuta mche taratibu: ukigoma, umeshika mizizi, kata kamba. Anza mapema, mvua za Lubumbashi zisikuishie Aprili.