Kupima Umbali kwa Mwanga: Kipima-umbali cha Leza kwa Mwindaji wa Upinde na wa Bunduki

Katika makala haya tunachunguza chombo kidogo cha kushikwa mkononi, mfano wa nusu ya darubini, ambacho humwambia mtu umbali uliopo kati yake na kitu kilicho mbele yake. Huitwa kipima-umbali cha leza. Wapima ardhi, mabwana misitu na wahandisi hukitumia, na kadhalika wawindaji. Mwanafunzi wa sekondari hujifunza mwendo wa mwanga, mwakisiko, pembetatu na mwendo wa kitu kilichorushwa kama mada nne zisizohusiana. Katika chombo hiki mada hizo zote hukutana.

Tumechukua mfano wa uwindaji kwa sababu hapo kosa la kipimo halibaki katika daftari. Mnyama aliyejeruhiwa bila kuuawa hukimbilia porini na kufa polepole kwa mateso, nyama yake ikapotea. Na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mtu atakayepita njia ile. Swali letu basi ni hili: mwindaji mwenye kibali halali achague kipima-umbali cha namna gani, na je, chombo kimfaacho mwenye upinde ndicho kimfaacho mwenye bunduki?

Jicho na bonde

Tuanzie Igamba, wilayani Mbozi, Mkoa wa Songwe. Nchi ya huko ni ya miinuko na mabonde. Mtu akisimama juu ya ukingo mmoja na kutazama shamba la kahawa lililo ng'ambo, hudhani kuwa ni karibu. Akiteremka hadi chini na kupanda upande wa pili, hutambua kuwa jicho lilimdanganya. Sababu yake ni kwamba jicho hukadiria umbali kwa kulinganisha vitu vilivyo njiani, kama vile miti, nyumba na watu. Bonde linapokatiza kati, vitu hivyo hutoweka machoni na ulinganisho hukosekana. Asubuhi yenye ukungu kosa huwa kubwa zaidi, kwani kitu kisichoonekana vizuri hudhaniwa kuwa kiko mbali.

Wawindaji wa jadi waliijua shida hii, nao waliitatua kwa kusogea karibu. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao bado huwinda kwa upinde, humnyemelea mnyama kwa subira mpaka umbali uwe mfupi kiasi kwamba kosa la kukadiria haliwezi kuleta madhara makubwa. Jambo hili tulishike, kwa maana tutalirudia.

Kanuni ya chombo

Kabla ya kuzungumzia mwanga, tuzungumzie sauti. Mwanafunzi mmoja asimame upande mmoja wa bonde akiwa na jembe na nyundo, na wenzake wasimame upande wa pili wakiwa na saa ya kupimia sekunde. Agonge jembe huku akiinua mkono juu. Wenzake watauona mkono kwanza, kisha watasikia mlio. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio ukichelewa sekunde moja, umbali ni kama mita 340. Hapo wamepima upana wa bonde bila kamba, kwa kuzidisha kasi na muda.

Kipima-umbali cha leza hufuata kanuni iyo hiyo kwa kutumia mwanga badala ya sauti. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, Erik Bergstrand wa Sweden alikuwa amebuni chombo cha wapima ardhi kilichopima umbali kwa mwanga wa kawaida. Faida ya leza ni kwamba mwanga wake huenda katika mwale mwembamba usiotawanyika upesi. Mwezi Julai 1969 wanaanga wa chombo cha Apollo 11 waliacha mwezini vioo maalumu vya kurudisha mwanga, na tangu hapo wanasayansi hupima umbali wa mwezi kwa leza. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, na mwanga huenda na kurudi kwa muda wa sekunde 2.56 hivi.

Chombo cha mkononi hutoa mipigo mifupi ya miali ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho ambao katika mpangilio wa rangi uko nje ya wekundu. Mpigo hukigonga kitu, sehemu yake ndogo hurudi, kihisio huupokea, na saa ya ndani huhesabu muda uliopita. Kwa kuwa mwanga umekwenda na kurudi, hesabu ni hii:

umbali = kasi ya mwanga × muda ÷ 2

Kasi ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde, au karibu sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na nanosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Kitu kikiwa mita 100 mbali, mwanga hurudi baada ya nanosekunde 667. Ili kutofautisha mita 100 na mita 101, saa ya chombo hapana budi itambue tofauti ya nanosekunde 6.7 tu. Ndiyo maana vyombo vingi hutuma mipigo mingi kwa mfululizo na kulinganisha majibu yake kabla ya kuonyesha namba.

Kosa la mita tano

Sasa tuone kosa la kipimo lina uzito gani. Tuseme mwindaji ana upinde unaorusha mshale kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde. Mnyama yuko mita 35 mbali, lakini mwindaji amekadiria mita 30. Mchapuko wa mvutano wa dunia ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na upinzani wa hewa tuuache kando.

Mshale hufika mita 30 kwa sekunde 0.6, na katika muda huo huanguka mita 1.76 chini ya mstari ulioelekezwa. Mwindaji kwa hiyo ameuelekeza juu kwa kiasi hicho. Mstari huo ukiendelea hadi mita 35, utakuwa juu ya shabaha kwa mita 2.06. Lakini mshale huchukua sekunde 0.7 kufika huko, na umeanguka mita 2.40. Tofauti ni sentimita 34. Mshale uliolengwa moyoni utapita chini ya kifua au utavunja mguu.

Tuchukue sasa bunduki ambayo risasi yake hutoka kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde. Mnyama yuko mita 205, mwindaji amekadiria 200. Kosa ni lile lile la mita tano, lakini kwa hesabu ile ile risasi itapita chini ya shabaha kwa pungufu ya sentimita moja. Mwenye bunduki huanza kuumia makosa yanapokuwa makubwa na umbali mrefu: akidhani ni mita 300 kumbe ni 350, risasi itakuwa chini kwa sentimita 13, nayo hewa, ambayo huipunguzia risasi kasi, itaongeza kosa hilo.

Hapa ndipo msingi wa kuchagua ulipo. Mwenye upinde anahitaji usahihi katika umbali mfupi. Mwenye bunduki anahitaji jibu la kuaminika katika umbali mrefu. Mahitaji hayo ni mawili tofauti, na namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha la chombo haijibu lolote kati ya hayo.

Mambo ya kuangalia kwa upinde

La kwanza ni umbali mdogo kabisa ambao chombo kinaweza kupima, na usahihi wake hapo. Chombo kinachosoma mita 1,000 lakini kinayumba chini ya mita 20 hakimfai mwenye upinde.

La pili ni kipimo cha pembe. Katika miteremko, kama ile inayoshuka kutoka nyanda za Mbozi kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, mwindaji mara nyingi huwa juu au chini ya mnyama. Leza hupima mstari wa macho, ambao ni upande mrefu wa pembetatu. Lakini kwa kukadiria, kinachotawala kuanguka kwa mshale ni umbali wa mlalo, nao hupatikana kwa kuzidisha mstari wa macho na kosaini ya pembe. Mstari wa macho ukiwa mita 40 na mteremko nyuzi 30, umbali wa mlalo ni 40 × 0.866, yaani mita 34.6. Mwindaji akilenga kana kwamba ni mita 40, mshale utapita juu. Kanuni ni hiyo hiyo akilenga kupanda au kushuka. Vyombo vingi vya siku hizi vina kipima-pembe ndani na hufanya hesabu hiyo vyenyewe. Kwa upinde, sifa hii isikosekane.

La tatu ni majani. Mwale ukipita katika nyasi, sehemu yake hurudishwa na jani lililo karibu. Baadhi ya vyombo humruhusu mtumiaji kuchagua jibu la kitu cha karibu au jibu la kitu cha mbali zaidi katika mwale. Anayewinda vichakani huhitaji la pili, ili asije akapima nyasi akidhani amepima swala.

Mambo ya kuangalia kwa bunduki

Kwa mwenye bunduki, la kwanza ni wembamba wa mwale. Hakuna mwale usiopanuka kabisa. Upana hutajwa kwa milirediani, na milirediani moja ni upanuzi wa mita moja kwa kila mita 1,000. Mwale wa milirediani 2 una upana wa sentimita 6 tu kwa mita 30, lakini kwa mita 400 umefikia sentimita 80. Hapo humgusa mnyama pamoja na kichaka kilicho nyuma yake, na chombo hakijui ni kipi ulichokusudia.

La pili ni ukweli wa umbali uliotangazwa. Namba iliyo kwenye kasha kwa kawaida ni ya kitu kinachoakisi vizuri, kama kibao cha barabarani. Manyoya meusi ya nyati hurudisha mwanga kidogo sana. Tena, umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaorudi kwenye lensi hupungua hadi robo, hata kama mwale wote umemwangukia mnyama. Msomaji atafute umbali uliotajwa kwa ajili ya mnyama, si kwa ajili ya kibao. Mvua, vumbi na ukungu hupunguza umbali huo zaidi.

La tatu ni utulivu. Chombo chenye kukuza sana hukuza pia mtetemo wa mkono, na katika umbali mrefu kutetemeka kidogo kunatosha kuutoa mwale juu ya mnyama. Kuegemea mti au kutumia mkongojo huleta faida kubwa.

Kwa wote wawili, vipimo viangaliwe. Vyombo vingi huweza kuonyesha yadi au mita, na yadi moja ni mita 0.9144. Namba 40 katika yadi ni mita 36.6 tu. Kwa mwenye upinde kosa hilo peke yake latosha kuharibu shabaha.

Jaribio la kuchagua

Darasa lenye kamba ya kupimia linaweza kukihukumu chombo lenyewe. Pigeni vigingi mita 20, 30, 40 na 60 kutoka sehemu moja. Katika kila kigingi simamisheni kwanza ubao mweupe, kisha blanketi jeusi, kisha blanketi hilo hilo likiwa nyuma ya nyasi. Pimeni mara kumi kila mahali na kuandika namba zote, hata zile zinazoonekana za ajabu. Chombo kizuri hutoa namba zilizo karibu na kamba, na pia zilizo karibu zenyewe kwa zenyewe. Chombo kinachopatia mara nane na kukosea sana mara mbili ni hatari kuliko kile chenye kosa dogo lisilobadilika, kwani kosa lisilobadilika huweza kusahihishwa. Mwale usielekezwe machoni pa mtu, na lensi isielekezwe kwenye jua.

Mipaka ya chombo

Kipima-umbali hueleza mnyama alikuwa wapi wakati wa kupima. Mshale wetu huchukua sekunde 0.6 kufika mita 30, ilhali sauti ya uzi wa upinde hufika huko kwa sekunde 0.09. Mnyama husikia kabla ya mshale kufika, naye huweza kushtuka na kuondoka mahali pake. Hakuna leza inayoondoa upungufu huu, ila kusogea karibu kama wafanyavyo Wahadzabe, au kuacha kabisa kurusha.

Kadhalika chombo hakimpi mtu haki ya kuwinda. Nchini Tanzania uwindaji hutawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya Sheria Na. 12 ya mwaka 1974. Mwenye kibali hufungwa na masharti ya kibali chake: mnyama gani, wapi, lini na kwa silaha gani. Ndani ya masharti hayo, kipimo sahihi humwezesha pia kutambua kuwa mnyama yuko mbali mno, akaishusha silaha yake. Hiyo ni faida ya chombo sawa na ile ya kulenga vema.

Maswali ya mazoezi

1. Mpigo wa leza umerudi baada ya nanosekunde 400. Kitu kiko umbali gani?
2. Mstari wa macho ni mita 50, na mteremko ni nyuzi 25 (kosaini 0.906). Tafuta umbali wa mlalo.
3. Chombo kimeonyesha yadi 60. Ni mita ngapi?
4. Mshale una kasi ya mita 60 kwa sekunde. Shabaha iko mita 30, lakini mrushaji amekadiria mita 27. Mshale utapita chini ya shabaha kwa kiasi gani?

Majibu: (1) mita 60, (2) mita 45.3, (3) mita 54.9, (4) sentimita 12 hivi.