Kashi pawa ku nyumba: tupige hesabu mbele ya kukubali

Ndugu wanamemba wa Ariwara, wakikuletea kashi pawa, usikubali wala kukataa mbio. Tupige hesabu kwanza.

Ampuli ya wati 10, masaa 5 kwa siku, siku 30: 10 × 5 × 30 = wati-saa 1 500, ni kusema uniti 1 na nusu. Ampuli ya zamani ya wati 60 inakula uniti 9. Pasi ya wati 1 000 inamaliza uniti 1 kwa saa moja.

Jumlisha zote, zidisha na bei ya uniti, kisha linganisha na ile bei moja unayolipa kila mwezi. Mwenye ampuli tatu anaweza kupata faida. Mwenye friji ao mashini ya kusaga, pengine hasara.

Mbele ya kutia sahihi, uliza: nani atalipa mashini, nani ataitengeneza ikiharibika? Franga za mbegu zisipotelee ku umeme.