Vimondo vya Mbale: Vumbi Liligeukaje Jiwe?



Ijumaa ya tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, mawe yalianguka kutoka angani hapa Mbale, mji unaopitiwa na mto Nabuyonga. Kipande cha gramu 3.6 kiligonga kwanza majani ya mgomba, kisha kichwa cha mtoto, naye akasalimika. Iliripotiwa kuwa baadhi ya watu waliyasaga mawe hayo wakayala, wakiamini Mungu ameyashusha yawe tiba ya Ukimwi.

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, lakini swali la kwanza hapa ni la kimaumbile: mawe hayo ni nini? Ni kondraiti za kundi L. Asili yake ni vumbi na chembe zilizokuwa angani zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Vumbi huwa jiwe kwa njia mbili. Ya kwanza tunaijua kwa wachoma matofali: joto la muda mrefu hushikanisha chembe. Ya pili ni mshtuko: miamba miwili ikigongana angani, wimbi la mgandamizo hupita ndani yake kwa kasi kubwa. Mawe ya aina hii yamepitia joto na migongano pia.

Wahandisi huiga njia hii ya pili. Unga wa kauri hufungwa ndani ya bomba la chuma, kisha baruti hulipuliwa kulizunguka. Kwa muda mfupi sana, chini hata ya kufumba jicho, matundu ya hewa huzibwa. Nyuso za chembe huyeyuka na kuungana, huku ndani zikibaki na joto dogo. Kwa hiyo chembe hazipati muda wa kukua kama katika tanuri. Kasoro yake ni nyufa: kauri ni ngumu lakini hainyumbuki, na mgandamizo ukiachia ghafla hupasuka. Mwaka 1961, DeCarli na Jamieson walieleza jinsi mshtuko ulivyogeuza grafiti kuwa almasi.

Tunajifunza nini? Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), watu walihusisha mambo hayo mawili. Mtume alikataa, akafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu. Akaamrisha swala na dua.

Basi ishara huheshimiwa kwa kuizingatia na kuisoma. Kuipachika uwezo isiopewa si heshima. Mgonjwa aliyemeza unga wa kimondo akaacha matibabu alipotezewa muda. Tusinyamaze tukisikia mfano wa hayo leo.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa.